Dadu Uvunguni

Haya yalimfika rafiki yangu mshonaji. Yeye na kaka yake walikwenda kufungasha nguo za marehemu mama yao, na ikabidi waamue nani ahamie nyumba ile. Hakuna aliyetaka kulala pale mama alipofia peke yake, akiwaita. Wakakubaliana kurusha dadu: mwenye namba ndogo ndiye abaki.

Kaka akatikisa kikombe, akapata mbili.

“Umekwisha, bwana mkubwa!” mshonaji akacheka, akarusha. Dadu ikaruka meza, ikaviringika hadi uvunguni mwa kitanda cha mama. Papo hapo umeme ukakatika.

“Ya chini haihesabiwi, dada. Itoe urushe tena.”

Akapiga magoti, akapapasa gizani. Akasikia dadu ikitikiswa kikombeni, taratibu, huko huko uvunguni.

“Kaka, acha mzaha.”

“Mzaha gani? Kikombe ninacho mimi hapa.”

Mtikiso ukakoma. Dadu ikamwagwa, ikaja ikiviringika, ikamgota gotini. Kaka akawasha kiberiti: moja.

Mshonaji akaiokota. Dadu ilikuwa na joto, kama kitu kilichofumbatwa kiganjani mchana kutwa.