Kibati Namba Arobaini na Moja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, vibarua wawili waliotumwa kuzoa takataka ghorofa ya chini ya kiwanda cha zamani cha barafu walikuta kipande cha nondo kimepitishwa kwenye komeo la chumba baridi namba tatu. Wakakichomoa, wakavuta mlango, na yule wa mbele akarudi nyuma mpaka akakanyaga ndoo yake mwenyewe. Mhandisi wa ujenzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kofia ya kazi mapajani, kana kwamba amechoka kusubiri zamu yake hospitalini. Hakuwa na jeraha, ila mkono mmoja uliovimba. Alikuwa amekufa.

Sajini alifika saa tatu kasorobo. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia, "Wewe umekulia mitaa ile, unajua kila kichochoro. Nenda." Alisema kweli. Baba yake Sajini alifariki yeye akiwa na miaka sita, na aliyemlea ni Baba Mdogo wake, aliyekuwa nyapara wa kiwanda hiki mpaka kilipofungwa. Miaka kumi na moja imepita na watu bado wanamwita Nyapara. Sasa kampuni ya ujenzi ilikuwa imemrudisha kazini ili awaonyeshe mabomba yalikopita, maana ramani zililiwa na mchwa zamani. Kwenye uzio wa mabati palibandikwa picha kubwa ya mtaa utakaokuja: maduka chini, makazi juu, shule ya chekechea pembeni. Watu wa kwenye picha wote walikuwa wembamba, wote wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyebeba mzigo.

Chumba namba tatu kilikuwa hatua mbili na nusu kila upande. Kuta nene zilijazwa vumbi la mbao ili baridi isitoke, na mlango ulikuwa na ukanda wa mpira pande zote. Mahali pa kitasa cha ndani palibaki tundu lililozibwa kwa lami.

"Hewa ilimwishia," alisema daktari wa polisi. "Nadhani Jumapili."

"Kwa hiyo Jumamosi yote alikuwa hai humu?"

"Alikuwa hai, na alikuwa anajua."

Walipokwisha kuutoa mwili, Sajini aliingia, akamwambia konstebo amfungie dakika moja. Mlango ulipofungwa, giza lilimkalia usoni kama blanketi bichi. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Alipiga ngumi. Sauti yake ilirudi palepale mdomoni, na jasho likamtoka kwa woga, si kwa joto. Konstebo alipofungua, akamuuliza, "Umenisikia?"

"Nisikie nini, afande? Nilikuwa natazama saa tu."

Simu ya Mhandisi ilikuwa mfukoni, imezimika; ndani ya kuta zile haikushika mtandao. Nyumbani hakuna aliyemtafuta, kwa sababu alikuwa amemuaga dada yake kwamba wikiendi anasafiri. Lakini kwenye mfuko wa koti lake palikuwa na daftari, na kurasa za mwisho ziliandikwa kwa mkono uliozidi kupinda.

*Ijumaa, saa tisa na dakika hamsini. Mlango umejifunga. Nimeita.*

*Saa kumi na nusu. Mkono umevimba kwa kugonga. Nisiwe na wasiwasi. Kibati changu kiko msumarini hapo nje. Nyapara hapiti mlango bila kutazama kibati.*

*Saa kumi na mbili. Mlinzi atahesabu ubao kabla ya kufunga geti.*

*Jumamosi, sijui saa ngapi. Kibati kipo. Kwa nini hawakioni?*

Konstebo alitoka nje kuvuta hewa. Sajini alisoma mara ya pili, kisha akatazama msumari uliokuwa kando ya mlango. Ulikuwa mtupu.

Alivijua vibati vile tangu utotoni. Kila aliyeingia jengoni alichukua kibati chake cha shaba kwenye ubao wa getini. Akiingia chumba baridi, alikitundika mlangoni, na chumba chenye kibati hakikufungwa na mtu yeyote, hata angekuwa mkurugenzi. Akitoka, alikirudisha ubaoni. Baba Mdogo ndiye aliyewalazimisha wajenzi waufuate utaratibu huo, kwa kuwa vyumba havikuwa na vitasa vya ndani. Sajini alikumbuka akisimama getini na sare za shule, njaa imemkamata, akisubiri Baba Mdogo ageuze kibati chake ubaoni ndipo ampakie kwenye baiskeli waende nyumbani.

Aliuendea ubao wa getini. Vibati kumi na viwili vilikuwa kwenye misumari yake. Kumi vilionyesha namba. Viwili vilionyesha mgongo laini. Alivaa glovu, akageuza kimoja. Namba arobaini na moja.

"Cha marehemu hicho," alisema mlinzi, mtu mzima aliyeletwa na kampuni ya ulinzi miezi minne iliyopita. "Afande, Ijumaa saa kumi na mbili na robo nilihesabu. Misumari yote imejaa. Marehemu hakusaini kutoka kitabuni, lakini alizoea kusahau, nikasema basi, wote wametoka, nikafunga. Kama kingekosekana hata kimoja ningezunguka jengo zima. Wallahi ningezunguka."

"Leo kuna aliyegusa ubao?"

"Nani aguse? Vibarua wa takataka walipita na mimi mwenyewe, na baada ya hapo ni nyinyi polisi. Hata Nyapara alipofika nilimwambia akae ofisini kwake tu, hata kibati hakuchukua."

"Ijumaa mchana nani walikuwa ndani?"

Alifungua kitabu. Kuanzia saa nane walikuwemo watatu tu: Mhandisi, Mkandarasi na Nyapara. Uani kulikuwa na Cheche, fundi wa kuchomelea, aliyepanga kibanda tangu zamani na aliyekuwa amekataa kuhama.

Saa nne unusu Cheche alikuwa tayari na pingu. Mkuu wa kituo alikuwa ameagiza kwa simu, kwani nondo ilitoka kwenye rundo lake na kila mtu alikuwa amemsikia wiki iliyopita akimwambia Mhandisi, "Utanitoa hapa ukiwa maiti wewe au mimi."

"Ulisema hivyo?" Sajini alimuuliza.

"Nilisema. Nina mdomo mchafu, hata mama watoto anajua. Lakini nondo zangu ziko nje kama kuni, kila mtu anajichukulia. Na mimi ndani ya jengo lile sijawahi kuingia. Uliza mlinzi."

"Kibati namba yako ngapi?"

"Kibati gani?" Cheche alimkodolea macho. "Dada, mkinipeleka mahakamani leo nimekwisha. Nani atamsikiliza mtu aliyetoa maneno yale? Hata mimi ningejifunga."

Mkuu alikuwa amempa Sajini mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo Cheche angesomewa mashtaka ya mauaji.

Mkandarasi alihojiwa saa tano na nusu kwenye kontena lake lenye kiyoyozi. Alisema Ijumaa aliondoka saa tisa.

"Kitabu kinasema saa kumi na moja kasorobo."

"Mlinzi yule hajui kusoma saa."

"Basi nitamwita aje ajifunze hapa mbele yako."

Mkandarasi alikohoa, akavua miwani, akaivaa tena. Hatimaye akakiri: alikuwa amempandisha mteja juu ya paa kumwonyesha mandhari, bila kumwandikisha kitabuni, jambo ambalo Mhandisi alikuwa amelipiga marufuku kabla ukaguzi haujakwisha. Mteja alipopigiwa simu alithibitisha. Walikuwa pamoja tangu saa tisa na nusu mpaka kwenye gari.

"Ulirudishaje kibati chako?"

"Nilikitupia msumarini kama kawaida. Vitu vya makumbusho vile. Namba kumi na tano, kakitazame." Sajini alishakiona. Kilikuwa kinaonyesha namba.

"Na Mhandisi alikuwa anaandika nini?"

Sauti ya Mkandarasi ilishuka. "Ripoti ya udongo. Safu ya nyuma, zile nyumba thelathini na moja walizoahidiwa wafanyakazi wa zamani. Aligundua chini yake kuna sumu iliyovuja miaka yote ya kiwanda. Alikuwa anaikabidhi leo. Safu ile isingejengwa."

Sajini alishukuru, akatoka. Mama yake, mjane wa mfanyakazi, alikuwa kwenye orodha ya nyumba thelathini na moja. Jina la pili kutoka juu.

Alirudi getini akasimama mbele ya ubao. Aliyekichukua kibati mlangoni angeweza kuwa mtu yeyote mwenye akili ya kuficha. Lakini mtu wa kuficha angekitundika kama vingine, namba mbele. Kukigeuza ilikuwa desturi ya wazee wa barafu: aliyemaliza zamu aligeuza kibati, ili nyapara ajue huyu ametoka, si kwamba hakuja kazini. Mhandisi hakufundishwa hilo. Mlinzi hakulijua. Kulikuwa na kibati cha pili kilichoonyesha mgongo, na Sajini alikuwa amekikwepa tangu asubuhi. Alikigeuza. Namba saba, ileile aliyoisubiri igeuzwe utotoni. Alitamani angekuwa amezaliwa mji mwingine.

Saa saba na dakika tano alimkuta Baba Mdogo kwenye chumba cha mitambo, amekaa kwenye meza yake ya zamani katikati ya mashine zilizoota kutu. Konstebo alibaki mlangoni.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Baba Mdogo, Ijumaa ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi hivi. Kitabu hakisemi?"

"Kinasema saa kumi na dakika tano. Mhandisi alifungiwa saa tisa na dakika hamsini."

"Mungu amrehemu. Yule Cheche..."

"Cheche hajui kibati ni nini."

Sajini aliweka daftari mezani, akamsomea mistari ile minne, wa kwanza hadi wa mwisho. Aliposoma *Nyapara hapiti mlango bila kutazama kibati*, mzee alifumba macho.

"Kilikuwa mlangoni," Sajini alisema. "Aliyefunga alikitoa kwanza, akakirudisha ubaoni, akakigeuza kama mtu aliyemaliza zamu. Mlikuwa watatu tu ndani, Mkandarasi alikuwa juu ya paa na mtu. Niambie nimekosea. Nakuomba niambie nimekosea."

Baba Mdogo alitazama mikono yake.

"Sikumbuki kukigeuza," alisema. "Nakumbuka kukitoa tu. Siwezi kufunga mlango wenye kibati, mwanangu. Mkono wenyewe unakataa."

"Kwa nini?"

"Saa nane nilimwangukia miguuni. Mimi, na mvi zangu. Nikamwambia aache ukurasa mmoja tu. Wale wenzangu walikuwa wamegoma, hawataki kuachia madai yao ya mafao. Miaka sita nimepita nyumba kwa nyumba, nikawaambia tieni saini, mtapata nyumba, mimi ndiye dhamana. Akaniambia, 'Mzee, watoto watalala juu ya sumu.' Kwa upole kabisa. Nilipopita namba tatu nikaona mlango uko wazi nusu, yeye anamulika ukuta na tochi. Nikausukuma. Nondo nilikuwa nimeichukua kuzibulia bomba." "Nilitaka saa moja tu. Aonje woga, nije nimfungulie, tuongee."

"Hukuja."

"Nilifika nyumbani nikakaa. Nikisema sasa naenda, nawaza, nikimfungulia nitasema nini? Jumamosi nilifika mpaka getini, nikageuka. Kila saa ikipita mlango unazidi kuwa mzito. Jumapili nilijua nimeshachelewa, na nikajichukia kwa sababu nilipata nafuu."

Sajini alihisi kama yuko tena ndani ya kile chumba, anapiga ngumi ukuta usiosikia. Huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Ungekiacha kibati mlangoni," alisema, "ubao ungekuwa na pengo. Mlinzi angemtafuta. Angetolewa akiwa hai saa kumi na mbili na nusu ya Ijumaa ileile."

Mzee hakuwa amelifikiria hilo. Sajini aliona likimwingia. Mdomo wake ulifunguka, mabega yakaporomoka, na mtu aliyeongoza zamu tatu za watu mia mbili akalia kwa sauti kama mtu aliyeunguzwa.

Alipotulia alisema, "Ripoti iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye mkoba wake. Sasa ninayo, kwenye bahasha hii."

"Ukurasa mmoja, mwanangu. Mimi nichukue, niko tayari. Lakini wale watu hawana mbele wala nyuma. Mama yako yumo."

Sajini hakujibu haraka. Hilo atalibeba maisha yake yote, kwamba hakujibu haraka. Ukurasa ule ulikuwa ndani ya bahasha kwapani mwake, na konstebo alikuwa anatazama upande mwingine.

"Aliufia ukurasa huu," alisema mwishowe. "Simama, Baba Mdogo."

Alimfunga pingu mwenyewe, hakutaka konstebo amguse. Saa nane kasorobo Cheche aliachiwa, akatoka anatukana kituo kizima. Saa nane na dakika ishirini bahasha ilikuwa mezani kwa mkuu, kurasa zote, na Sajini akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Alimkuta mama yake sebuleni amezungukwa na maboksi, anafunga sahani kwenye magazeti. "Shemeji alisema tuanze na vyombo," mama alisema bila kuinua kichwa. "Alisema mwezi huu hauishi kabla msingi haujachimbwa, heri tujiandae mapema." Sajini alikaa chini akamwambia, kuanzia nondo mpaka pingu, na kuhusu nyumba pia. Hakupunguza kitu.

Mama hakulia. Aliuliza kama huko ndani wanaruhusu blanketi. Baada ya hapo alifungua boksi la kwanza akaanza kurudisha sahani kabatini, moja moja, na Sajini akavua viatu akamsaidia.