Gogo Hana Kitanda

Sakafu ya gari ilikuwa imelowa kabla hawajatoka Lanet. Kipketer aliinama akapapasa chini ya sinki, akakuta paipu ni kavu na tangi halivuji. Akanusa vidole vyake. Maji yale yalinuka magadi na matope, harufu ya ziwa.

"Ni nini?" aliuliza mkewe Jemutai, mikono imejaa blanketi.

"Paipu tu. Nitaikaza tukifika Mogotio."

Basi safari ikaanza kwa uongo mdogo, na katika uongo Kipketer hakuwa mgeni. Hiace hiyo kuukuu aliigeuza nyumba kwa mikono yake mwenyewe: vitanda viwili, jiko la gesi, mapazia ya maua, na kiti dirishani ili binti yao wa pekee, Lynn, aone milima na maziwa likizo yote. Alipaswa kufurahi. Badala yake alitazama kioo cha nyuma kila mara, kama dereva anayekwepa askari.

Walipopita Mogotio, Lynn alianza kupiga chafya. Hakuwa na mafua. Kwa Wakalenjin chafya ya mtoto mchanga ina maana yake: akina mama humtajia majina ya wazee waliokufa, mmoja mmoja, na akipiga chafya, wanajua aliyetajwa amekubali kurudi kwake. Lynn alipozaliwa walimtajia gogo yake, yaani bibi yake, Chepkurui, mama yake Kipketer, mtoto akalala tu. Alikuja kupiga chafya kwa jina la bibi mwingine. Wanawake walicheka wakasema Chepkurui amepumzika vizuri huko aliko.

Wakati ule alikuwa amepumzika kweli, kaburini kwake Barut, kando ya Ziwa Nakuru. Kisha ziwa likaanza kupanda. Kipketer, ambaye mama yake alimwita weri, yaani kijana, hata baada ya kuoa, aliokoa ng'ombe kwanza. Akaokoa milango, nguzo na mabati. Mabati aliyarudia tena na tena, hata yenye kutu. Kufukua kaburi na kumhamisha mama alikuahirisha mpaka siku aliyokuta maji yamefika kiunoni na msalaba hauonekani. Aliona haya kusema. Akanunua jeneza, akalijaza mawe, akalipigilia misumari mwenyewe, na ukoo mzima ukalizika kwa machozi katika shamba lake jipya la Dundori. Jemutai alilia kuliko wote. Tangu siku hiyo Kipketer hakuwahi kula akashiba.

Usiku huo walilala kando ya Ziwa Bogoria, karibu na chemchemi za maji moto.

"Mum," Lynn alinong'ona gizani. "Gogo hana kitanda."

"Gogo gani?"

"Huyo amesimama kwa mlango. Ameloa."

Jemutai alishika mkono wa mumewe, na hapo wote wawili wakasikia nyayo tupu zilizolowa zikitoka mlangoni, chwa, chwa, zikipita jiko, zikipita viatu vyao, polepole, kama mama mzee anayetafuta pa kuketi bila kuwasumbua wenye nyumba, huku harufu ya matope ikiwapanda mpaka kooni na matone yakidondoka juu ya blanketi, na Kipketer, mtu mzima, akajifunika uso kwa sababu alijua ni nani na alijua anatafuta nini, mpaka nyayo zikafika kwenye kitanda cha Lynn zikanyamaza. Mtoto akapiga chafya.

"Huyo ni mama yako," Jemutai alisema kwa sauti ya chini kulipopambazuka. "Kuna kitu hapendi. Twende Dundori tuombe kwa kaburi."

Kipketer angeweza kusema ukweli pale pale. Aliendesha gari mpaka Dundori, akapiga magoti kati ya mistari ya viazi, akafumba macho.

"Mama, pumzika hapa tulipokulaza," aliomba, na aibu ikamchoma maneno yakiwa bado mdomoni.

"Daddy," Lynn aliuliza, "mbona unaongelesha mawe?"

Jemutai aligeuka taratibu. "Kipketer, ni nini iko hapo ndani?"

Akamwambia yote, bado amepiga magoti. Jemutai hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na hilo lilimuuma Kipketer kuliko kofi.

"Nililia hapa," Jemutai alisema. "Nililia mpaka nikashikwa na watu. Washa gari. Utamwomba msamaha kule ako."

Kule Barut miti mikavu ilisimama ndani ya maji, na hapakuwa na dalili kwamba watu waliwahi kuishi hapo. Kipketer alivua viatu akaingia mpaka magotini. Safari hii alilia machozi ya kweli.

"Mama, nilikosa. Nilibeba mabati nikakuacha. Chepkurui, njoo. Njoo twende nyumbani."

Nyuma yake, nchi kavu, Lynn alipiga chafya.

Jemutai alimvuta mtoto kifuani. "Umemwita kwa jina," alinong'ona. "Mbele ya mtoto."

"Nilikuwa naomba msamaha."

"Umemwambia aje nyumbani. Atalala wapi?"

Kipketer alitoka majini akavaa viatu. Wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Lakini sakafu ilikauka, harufu ikaisha, na Lynn akalala fofofo bila chafya hata moja. Walipofika mjini Nakuru Kipketer alianza kupumua, na kufika Lanet alikuwa karibu kuamini kwamba amesamehewa.

"Lynn," Jemutai aliita, "amka, tumefika."

Mtoto hakutikisika. Akamwita tena, akamgusa bega. Kipketer alizima injini akageuka.

"Mama?" alisema. Hakujua kwa nini amesema hivyo.

Mtoto alifumbua macho, akamtazama kwa upole mwingi.

"Weri," akauliza, "mabati yote yalitoka?"

Kipketer alijibu kabla hajafikiri.

"Ndiyo, mama," akasema. "Yote."