Bundi Jike Hajibu

Osmo Härkönen alikusanya viganja akapuliza mara saba, kama aitavyo bundi dume mdogo, na kutoka ng'ambo ya ziwa akajibiwa. Hapo palikuwa na kasoro. Kwa miaka thelathini alikuwa akihesabu bundi wa misitu ya Kainuu, huko Ufini, kila theluji inapoanza kuyeyuka, na alijua kwamba wito ule ni wa dume, na jike haujibu. Dume hukaa msitu mmoja maisha yake yote, akiita kwenye tundu lake. Jike huja, hulea, kisha huwafuata panya waliko, hata kilomita mia tatu, wala harudi.

Akapuliza tena. Jibu likaja: mapigo matano, la mwisho likishuka. Ni Tuovi tu, mkewe, aliyepuliza hivyo, alipokuwa akihesabia upande wa pili wa ziwa, ili mumewe ajue yu salama. Na Tuovi walimzika Novemba.

Asubuhi alikwenda kwa Bibi Lempi, jirani yake wa pekee, ajuza wa miaka themanini na mbili mwenye ulimi wa pilipili.

"Ulimpogolea msonobari?" Lempi aliuliza kwa sauti ya chini.

Osmo akatazama kahawa.

"Nakuuliza wewe, sikiulizi kikombe."

Maiti anapopelekwa kanisani, watu wa huko hupogoa msonobari mmoja njiani na kuchonga herufi za jina lake na mwaka aliokufa. Marehemu akikumbuka nyumbani, hufika pale, akasoma, akajua kwamba amekufa, akageuka.

"Sikupogoa," Osmo alisema. "Nilitaka arudi."

"Mjinga we! Njia ukiiacha wazi, unadhani atapita umpendaye tu? Jini huazima sauti ya yule unayemlilia."

"Na kama ni yeye, Bibi?"

"Basi muonee huruma, umwache alale. Chukua shoka leo hii. Na usimjibu tena, unasikia?"

Osmo alisikia. Lakini upweke ni mgonjwa asiyetaka dawa, na jioni ilimkuta bado ameketi, shoka magotini. Mluzi ulianza ng'ambo ya ziwa, ukahamia kwenye banda la mashua, ukaja nyuma ya bafu la mvuke, kisha ukanyamaza chini ya dirisha, na katika ukimya ule nyumba nzima ikajaa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ilhali ardhi yote chini ya theluji ilikuwa imeganda kama chuma na hapakuwa na mtu katika Kainuu ambaye angeweza kuichimba, na kitu kikaupapasa mlango taratibu, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayetafuta kitasa asichokikumbuka.

"Osmo," ilinong'ona sauti ya Tuovi. "Mbona huniiti?"

Osmo alilia. Kisha akakusanya viganja.

Asubuhi Lempi hakuona moshi kwa jirani. Alijikokota hadi kwenye njia ya kanisani akakuta msonobari umepogolewa, matawi yametapakaa, na kwenye shina jeupe zimechongwa herufi mbili. Hazikuwa za Tuovi. Zilikuwa O.H., na mwaka huu.

Nyayo za Osmo ziliingia msituni. Hapakuwa na nyingine, lakini alikuwa ametembea ukingoni mwa njia mwendo wote, kama mtu anayempisha mwenzake.

"Nilimtuma akamfukuze," Lempi alisema, "naye akajifukuza mwenyewe."

Watu walimtafuta siku nne wakachoka. Lakini kila kukicha nyayo mpya zilitoka msituni hadi kwenye msonobari, zikasimama, zikageuka. Ufuoni ulibaki moshi wa Lempi peke yake. Siku nzima hakuwa na wa kumkaripia, na hilo lilimuuma kuliko alivyodhani.

Jioni moja alichukua msumeno. Mti ukianguka, njia itafunguka, Osmo atakuja anywe kahawa na atukanwe kidogo. Akaweka meno ya msumeno kwenye gome.

"Osmo, mwanangu," alinong'ona, "ukija, utakuja peke yako?"

Kwenye giza la miti, karibu sana, sauti ya Osmo ikajibu kwa furaha:

"Tutakuja sote, Bibi. Tuko wengi."

 Na jambo ambalo Lempi hajamwambia mtu hadi leo ni kwamba hakuuondoa ule msumeno upesi.