Fomu Iliyoshukuru Kabla ya Kusoma

Kila asubuhi Fundi hufungua duka lake kwa kuusukuma mlango kwa bega. Ndani kuna meza ndefu, taa ya kuinama, bisibisi ndogo ndogo, pamba, na mashine za kaseti ambazo watu wengi walishazitupa zamani. Kazi ya Fundi ni kuokoa sauti. Mtu humletea kaseti kuukuu. Yeye huisafisha, huicheza polepole, kisha huihamishia sauti kwenye kompyuta. Baada ya hapo mwenyewe anaweza kuisikiliza kwenye simu yake.

Fundi alikuwa na tabia moja. Zamani, mteja alikuwa hajakanyaga hata kizingiti, Fundi ameshasema, "Asante sana! Karibu, asante sana!"

"Unamshukuru kwa lipi?" mkewe alimtania siku moja. "Huenda amekuja kuuliza njia tu."

"Basi namshukuru kwa kuniuliza mimi," Fundi alijibu.

Binti yao aliitwa Chiriku kwa utani. Alianza kusema mapema, na hajanyamaza mpaka leo. Chiriku alisoma kozi fupi ya kutengeneza tovuti. Alipomaliza, alimtengenezea baba yake ukurasa kwenye mtandao, ili watu wa mbali nao waweze kuomba huduma. Ukurasa ulikuwa na fomu yenye visanduku vitatu: jina, namba ya simu, na maelezo ya kaseti. Chini yake kulikuwa na kitufe cha Tuma. Ukikibonyeza, maandishi makubwa ya kijani yalijitokeza: "Asante sana! Tumepokea ombi lako. Usiicheze kaseti yako. Tutakupigia."

Fundi aliangua kicheko. "Umenipatia kabisa, mama! Huyo ni mimi mtupu."

Baba na binti walifurahi sana siku hiyo. Wala hawakujiuliza fomu ile inashukuru kwa lipi.

Maombi yakaanza kuingia. Mengi yalikuwa sawa. Mengine yalikuwa vioja. Mtu mmoja hakuandika jina. Mwingine, mahali pa namba ya simu, aliandika "nipigieni jioni". Chiriku alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Watu hawajui kujaza fomu, baba."

"Waache tu. Mwenye shida atarudi mwenyewe."

Kisha likaja ombi la seremala mmoja wa mji wa mbali. Aliandika hivi: "Kaseti ni ya marehemu mke wangu. Aliirekodi nilipokuwa kazini ugenini, akanitumia badala ya barua. Sina sauti yake nyingine. Nawaombeni sana."

Fundi aliusoma ujumbe huo amesimama. Akachukua simu, akapiga. Simu haikwenda. Akapiga tena. Haikwenda. Chiriku akaitazama ile namba vizuri.

"Imepungua tarakimu moja, baba."

"Ipi?"

"Nitajuaje? Inaweza kuwa yoyote, popote."

Fundi alibahatisha kidogo. Akampata mama mmoja asiyemjua kabisa, akamwomba radhi, akaacha.

"Alau kaseti anayo mwenyewe," alisema. "Atarudi."

Kulikuwa na kazi nyingine mezani, na ombi la seremala likafunikwa na maombi mapya.

Mvua zilikuja, zikaisha. Asubuhi moja mzee mmoja aliingia dukani. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, lakini kucha zake zilikuwa na vumbi la mbao. Mkononi alishika mfuko wa plastiki.

"Asante sana, karibu, asan..." Fundi alianza. Hakumaliza. Alikuwa ameona kilichomo mfukoni. Ulikuwa utepe wa kaseti, umevurugika na kukunjamana.

"Shikamoo, mzee," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni yule seremala niliyewaandikia."

Chiriku akamvutia kigoda.

"Simu yangu ilisema mmepokea," mzee alieleza taratibu, bila ukali wowote. "Ilisema nisiicheze kaseti. Nikatii. Ikasema mtanipigia. Mimi nina randa ya umeme, ina kelele sana. Nikaizima. Nikarudia randa ya mkono, nisije nikakosa simu yenu."

"Tulikupigia, mzee," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Namba yako ilikuwa imepungua tarakimu moja."

Mzee akamtazama. "Kumbe? Sasa mbona haikuniambia?"

"Nilipoona kimya," mzee aliendelea, "nikadhani mmenikatalia ila mmeona haya kuniambia. Jirani yangu ana redio ya kaseti. Nikasema, ngoja nimsikilize mara moja tu. Nikamsikia, mwanangu! Alikuwa ananigombeza. 'Seremala wa watu, mlango wa jikoni kwako haufungiki!' Halafu hapo anacheka. Mimi nilikuwa nakingoja hicho kicheko. Kabla hajacheka, redio ikaumeza utepe. Nikauvuta. Laiti nisingeuvuta. Ukakatika."

Fundi aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Kutwa nzima hakumhudumia mtu mwingine. Aliunyoosha utepe kwa vidole, akausafisha, akauunga pale ulipokatika. Mzee alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Jua lilipoanza kushuka, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika. Ilikuwa changamfu na yenye haraka kidogo. Aliwasalimia watu waliofanya kazi na mumewe. Akasema watoto hawajambo. Akagombeza habari ya mlango wa jikoni. Kisha ukasikika mkwaruzo mrefu, na mkwaruzo ulipokwisha kaseti nayo ilikuwa imekwisha.

"Kile kipande kimesagika, mzee," Fundi alisema. "Siwezi kukirudisha. Kaseti ingenifikia kabla haijachezwa, ningekipata chote."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Na ule mlango je?" Fundi akauliza, ili aseme chochote.

"Niliutengeneza. Baada ya mazishi."

Chiriku alitoka nje, akasimama nyuma ya duka, akalia. Alilia kwa hasira pia, kwa sababu alikumbuka alivyowacheka watu wasiojua kujaza fomu. Aliporudi alimwambia mzee, "Nisamehe. Kosa lilikuwa langu, si lako."

"Kusamehe nimeshakusamehe," mzee alisema huku akivaa kofia yake. "Kicheko ndicho sitakisikia tena." Safari hii Fundi aliiandika namba yake kwa mkono, akaipiga papo hapo, na simu ikalia mfukoni mwa mzee.

Kesho yake Chiriku alipanda ngazi kwenda kwa jirani yao wa ghorofa ya juu, Mama Pacha. Mama Pacha huandika programu za kompyuta za hospitali. Alimkuta anawalisha pacha wake, mmoja amekaa, mwingine anakimbia na kijiko. Chiriku alimweleza yote.

"Hebu nione hiyo fomu," Mama Pacha alisema. Aliifungua, hakujaza kitu, akabonyeza Tuma. Maandishi ya kijani yakatokea: "Asante sana!"

Akaandika "mbuzi" mahali pa namba ya simu, akabonyeza tena. "Asante sana! Tumepokea ombi lako. Usiicheze kaseti yako. Tutakupigia."

"Mtampigia mbuzi?" Mama Pacha aliuliza. Chiriku alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka. "Fomu yako ina adabu, lakini haisomi. Imemrithi baba yako. Keti hapa. Unaijua JavaScript?"

"Naijua kidogo. Ndiyo lugha ya kuupa ukurasa maagizo. Ndiyo niliyotumia kutoa hiyo asante."

"Vizuri. Sasa tuifundishe kusoma kwanza. Mtu akibonyeza Tuma, JavaScript husikia. Iambie: izuie fomu, isiondoke. Kisha kagua kisanduku kimoja kimoja. Cha jina kina kitu?"

"Je, mtu akiacha nafasi tupu tu, bila herufi?"

"Kitaonekana kimejaa, kumbe hewa. Kwa hiyo ondoa kwanza nafasi za mwanzoni na mwishoni, ndipo uangalie kilichobaki. Na kwenye simu, watu huandika namba kwa mafungu, wengine huweka vistari. Usiwagombeze kwa hilo. Ondoa vistari na nafasi wewe mwenyewe, kisha hesabu tarakimu. Wengine huanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Hao nao ni sahihi, wakubali."

"Na zikipungua?"

"Usiitume. Na usiandike 'Kosa!' kwa herufi nyekundu halafu ukanyamaza. Mwambie mtu ni kisanduku kipi, kuna nini, afanye nini. Maneno yakae jirani na kisanduku chenyewe. Halafu, tafadhali, usimfutie alichoandika. Mtu ameandika habari za marehemu mkewe, unamfutia aanze upya? Huo ni ukatili."

Chiriku aliandika haraka. Pacha mwenye kijiko akaja kutazama skrini.

"Namba ikiwa na tarakimu kamili lakini moja si yake?" Chiriku akauliza. "Hapo kuhesabu hakusaidii."

"Umeuliza jambo la maana. JavaScript haiwezi kujua namba ya mtu. Kwa hiyo muulize mwenyewe. Muoneshe namba kwa maandishi makubwa: 'Tutakupigia kwa namba hii. Ni yako?' Akisema ndiyo, tuma. Zima kitufe kwa muda, asije akakibonyeza mara nyingi ukapokea ombi lile lile mara nyingi. Kisha subiri jibu la seva, ile kompyuta inayopokea maombi yenu. Mtandao ukikatika, mwambie: 'Ombi halijafika, jaribu tena.' Seva ikijibu kwamba imepokea, hapo ndipo useme asante."

"Mwishoni kabisa."

"Mwishoni kabisa. Na seva nayo ikague yote upya. Mtu anaweza kuizima JavaScript kwenye simu yake, au kutuma vitu kwa njia nyingine. Ukaguzi wa kwenye ukurasa unamsaidia mteja kurekebisha papo kwa papo. Ukaguzi wa kwenye seva unakulinda wewe. Usichague mmoja ukaacha mwingine."

Chiriku alifanya kazi hiyo siku kadhaa. Alikosea, akarekebisha, akapanda tena ngazi kuuliza. Alipomaliza, Mama Pacha alimwambia, "Sasa ijaribu kwa makosa ya kweli, siyo ya kubuni. Unayo, sivyo?"

Alikuwa nayo. Chiriku alilifungua ombi la zamani la seremala. Akaandika jina lake. Akaandika maneno yake kuhusu mkewe, neno kwa neno. Akaandika namba ya simu ilivyokuwa, pungufu vile vile. Akabonyeza Tuma.

Fomu haikuondoka. Chini ya kisanduku cha simu yalitokea maneno machache: "Namba hii imepungua. Tafadhali iangalie tena."

Chiriku aliyatazama muda mrefu. Ulikuwa ujumbe mfupi tu. Mzee angeusoma, angevaa miwani, angeongeza ile tarakimu, na simu ingelia kwenye karakana yake siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata dada mmoja muuza dawa aliomba huduma kwa fomu hiyo. Kaseti yake ilikuwa na sauti ya baba yake akimfundisha kuhesabu. Alipigiwa, akaja, sauti yote ikatoka salama.

"Fomu yenu ina maswali!" alimwambia Fundi. "Iliniambia nimesahau tarakimu, ikaniuliza tena kama namba ni yangu. Nilitaka kukasirika. Halafu nikaona kweli nilikuwa nimesahau."

Fundi alitazama upande wa binti yake. Siku hizi mteja akiingia, Fundi humwambia, "Karibu. Nikusaidie nini?" Humsikiliza mpaka mwisho, na asante humpa anapoondoka. Mkewe anasema sasa asante hiyo ina maana. Hakuna aliyemwomba Fundi abadilike.

Seremala bado hupiga simu mara moja moja. Husema anamsikiliza mkewe jioni, akiwa jikoni, mlango umefungwa. Mara ya mwisho alimwambia Chiriku, "Ukifika ule mkwaruzo mimi sizimi. Namwachia nafasi ya kucheka."

Na kila Chiriku anapobadilisha kitu kwenye fomu, hata kitu kidogo, kabla ya kuwafungulia watu huijaribu kwa namba ile ile ya mzee, pungufu vile vile. Fomu humkatalia. "Namba hii imepungua. Tafadhali iangalie tena." Chiriku huusoma ujumbe huo mpaka mwisho, ingawa ameuandika mwenyewe.