Daftari la Wiki Ambayo Haijaanza

"Leo ni tarehe ngapi?" mke aliuliza.

Mumewe akatazama saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa na kalenda.

"Kumi na mbili."

"Basi nisomee hapa."

Mume hakuhitaji kusogea. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, herufi zimesimama wima kama chupa kwenye rafu: *Alhamisi, tarehe 17. Nimemkumbuka mke wangu.* Chini yake kulikuwa na Ijumaa, tarehe 18. Alikuwa ameshamaliza kuandika wiki ambayo haijaanza.

Walikuwa jozi nne za wanandoa, yaani watu wanane, katika darasa la chekechea lililoazimwa kila Jumamosi asubuhi kwa ajili ya kikao cha ushauri wa ndoa. Viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo kila mtu alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu, na ilikuwa vigumu kukasirika kwa heshima. Mshauri, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa amewapa kila mmoja daftari. Kila jioni uandike mstari mmoja: leo nimejisikia vipi, na kwa nini. Jumamosi mnabadilishana na kusoma kimya.

Kimya kilikuwa kimeisha. Dereva mstaafu, ambaye alikuja pale kwa kulazimishwa, aliuliza taratibu kama jambo hilo linaruhusiwa, maana kama linaruhusiwa yeye angemaliza mwaka mzima leo hii apumzike. Mke wake akamwambia aanze kwanza na wiki iliyopita, ambayo hajaigusa.

Mwenye daftari alikuwa fundi wa majokofu. Mtaani walimwita Fundi Baridi, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya maneno yake, ambayo yalitoka machache na kwa kupangwa. Mkewe alipima watu macho kwenye kliniki, na mtaa huohuo ukampa jina la Dada Miwani ingawa yeye mwenyewe hakuvaa.

Mshauri alimuuliza Fundi, bila kumhukumu, imekuwaje.

"Kazini tunabandika kadi kwenye kila mashine," Fundi alisema. "Tunaandika kabla, siku gani inahitaji nini. Ili siku ikifika usisahau."

"Kwa hiyo usipoandika utasahau kunikumbuka," mkewe alisema.

Fundi akafikiri. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: aliulizwa swali, akalichukua, akaligeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu linalovuja gesi, na alipokuwa bado analigeuza, waliomuuliza walikuwa wameshajijibu.

Dada Miwani alijijibu. Alimgeukia Mshauri na kumkumbusha walipofikia. Siku mbili baada ya kikao cha kwanza, kliniki ilimletea barua: inafungua tawi jipya katika mji ulio mwendo wa siku nzima, na inamtaka yeye akalisimamie. Fomu ya kukubali au kukataa inatakiwa Jumamosi ijayo. Alikuwa ameahidi mbele yao wote kwamba atasubiri vikao sita. Akiona mume anayejisikia kitu, chochote, atakataa kazi na kubaki. Asipoona, ataondoka peke yake, na ndoa itabaki jina tu.

"Hiki ni cha tano," alisema. "Na nimeletewa ratiba."

Hakuna aliyecheka, hata dereva.

Mshauri hakubishana naye. Aliwapa kazi ndogo: kila mmoja aondoke na daftari la mwenzake akae nalo wiki nzima, na asiandike kitu.

"Hasa wewe, baba," akamwambia Fundi. "Wiki hii kalamu iweke mbali."

Fundi alionekana kama mtu aliyeambiwa akafungue mashine kwa meno.

Jumapili walifua pamoja kama kawaida, yeye akikamua mashuka, mkewe akianika, na hawakusemezana ila kuhusu vibanio. Jioni walizungumza kwa ujumbe wa simu, mmoja akiwa sebuleni na mwingine chumbani.

*Unasoma daftari langu?*

*Ndiyo. Nipo ukurasa wa nne.*

*Na unaonaje?*

*Nasoma polepole.*

Dada Miwani akaitupa simu kitandani. Daftari lake lilikuwa na kurasa kumi na moja zilizojaa hadi pembeni. Alikuwa ameandika jinsi anavyorudi na habari na kuzila mwenyewe, jinsi anavyoongea na mgongo wa mtu, jinsi mlango wa kabati unavyopiga kelele kwa wiki ya tatu sasa na yeye ameacha hata kuutaja. Asubuhi ya Jumatatu alifungua kabati na mlango haukulia. Umetiwa mafuta. Alikaa chini akiwa ameshika sketi mkononi, asijue kama acheke au alie. Mtu amesoma kurasa kumi na moja za maumivu, akakuta bawaba.

Alimpigia mama yake, na hapo alikosea, kwa sababu mama yake alikuwa upande wa mkwe tangu siku alipomtengenezea friji.

"Mwanangu," mama alisema, "baba yako nimekaa naye miaka thelathini sijui anawaza nini. Ukimuuliza anasema njaa. Huyu wako anajua mpaka atakavyojisikia Alhamisi. Sasa unataka nini tena?"

Dada Miwani alisema anataka mume, si kalenda. Mama akamwambia kalenda angalau haitoki nje ya ndoa, kisha akauliza kama Ijumaa bado anakaribishwa, maana atakuja na samaki.

Jumanne, mchana, wagonjwa walipopungua, alilitoa daftari la mumewe kwenye mkoba. Alikuwa amelisoma mara nyingi, lakini kila mara kwa hasira, na kwa hasira aliona tarehe tu. Sasa akalisoma kama anavyopima jicho, yaani bila kuamini jibu la kwanza. Alirudi mwanzo na kufuata siku kwa siku.

Alhamisi ni siku ambayo kliniki inachelewa kufunga, na Fundi humaliza kazi mapema. Alhamisi nne zilizopita: *nimemkumbuka.* Ijumaa zote nne: *wasiwasi, mama mkwe anakuja.* Hapo alitabasamu bila kupenda. Jumapili: *furaha, tumefua.* Alisoma hilo mara mbili. Miaka saba alidhani Jumapili mumewe anamsaidia kazi.

Jumatatu ndizo zilizomshinda. *Uoga. Uoga. Uoga.* Jumatatu kuna nini? Akafunua hadi ile ya kwanza kabisa, ambayo ilikuwa na maneno zaidi ya zote: *Uoga. Ameleta barua ya kazi. Amefurahi sana. Sijui kama nimo.*

Akageuza haraka hadi mwisho, kwenye zile siku ambazo hazijafika, ambazo mbele ya watu nane alikuwa amekomea Ijumaa. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mstari mmoja. *Jumamosi, tarehe 19. Sijui.*

Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshakaa kwenye kiti akisubiri. Dada Miwani alimwekea lenzi moja, akamwekea nyingine, akamuuliza ipi inaonyesha vizuri, ya kwanza au ya pili. Mgonjwa alisema kwa kweli yeye haoni tofauti.

"Hata mimi nilikuwa sioni," Dada Miwani alisema, na ikabidi amwombe radhi na kuanza upya.

Alhamisi alibadilishana zamu na mwenzake, akafika nyumbani saa kumi kamili. Fundi alifungua mlango akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alimtazama usoni, akatazama nyuma yake, akatazama saa yenye kalenda.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Wamekusimamisha kazi?"

"Nimebadilishana zamu. Naruhusiwa kuingia?"

Alimpisha, lakini hakuondoa macho. "Leo ni Alhamisi," alisema.

"Najua."

"Alhamisi saa hizi hukai nyumbani."

"Leo nipo."

Fundi alikaa kwenye mkono wa kochi, kitambaa bado kipo begani. "Basi sijui nijisikie vipi," alisema, na alimaanisha hivyo hasa, kama mtu aliyefika kazini akakuta mashine imehamishwa.

Mkewe akacheka. Hakuwa amecheka ndani ya nyumba ile kwa siku tano, na kicheko kilitoka kikubwa kuliko alivyokusudia. Fundi alisubiri kiishe. Kisha alisubiri zaidi, na mkewe safari hii akajizuia, akakunja mikono, akaacha swali likae. Alikuwa na uzoefu wa watu wanaohangaika na mstari wa mwisho wa herufi ubaoni. Ukiwasaidia, hujapima kitu.

"Nina hasira," Fundi alisema.

Mkewe hakuwa amelitegemea hilo. Kwa uso wake, hata Fundi hakuwa amelitegemea.

"Hasira na nani?"

"Na wewe." Alikitoa kitambaa begani, akakikunja mara nne, akakikunjua. "Nimesoma kurasa kumi na moja. Nimesoma mara tatu. Umeandika utabaki, umeandika utaondoka, umeandika nitakavyoishi bila wewe, mpaka nguo zangu nani atanunua. Nimetafuta mahali unaponiuliza kama nitakuja. Hakuna."

Kurasa zile Dada Miwani alizijua kwa moyo, na alizipitia zote akiwa amesimama pale, akitafuta. Hakukuwa na swali hilo.

"Kazi yako ipo hapa," alisema mwishowe.

"Majokofu yapo kila mahali."

"Ungeniambia."

"Uliniambia fomu ina jina moja. Nikajua umeshaamua watu wangapi."

Mkewe alikaa chini, kwenye kochi, karibu na mkono aliokalia mumewe. Kwa mwezi mzima alikuwa amewaambia watu wa kikao kwamba anaishi na ukuta. Wote walimhurumia, hata yule dereva mstaafu, na yeye aliipenda ile huruma, ilikuwa ya joto. Hakuna aliyemuuliza mara ya mwisho alibisha hodi lini kwenye huo ukuta.

"Ningekuuliza siku ile ya barua," alisema, "ungenijibu nini?"

"Ningesema nipe siku mbili."

"Na baada ya siku mbili?"

"Ningesema ndiyo."

"Hiyo ni wiki nne zilizopita."

"Ndiyo. Mizigo ingekuwa imeshafungwa."

Hakuwa anatania. Dada Miwani aliuma mdomo asicheke tena, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa, na alijua asipolisema sasa litarudi kama mlango wa kabati.

"Kwa nini uliandika kabla? Usinipe habari za kadi."

Fundi akafikiri. Nje mtu alipita akiburuta mtungi wa gesi, na sauti ikamaliza mtaa mzima kabla hajajibu.

"Nilikuwa nimechoka Ijumaa ile, nikataka kumaliza," alisema. "Hilo ni kosa langu. Lakini sikubuni. Siku ninazozijua niliandika ninavyojua. Siku nisiyoijua niliandika siijui."

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, alikuwa ameihakikisha mwenyewe Jumanne mchana. Bado aliona haya kidogo kwa kulala usingizi mzuri Jumatatu zote zile.

"Haya," alisema. "Nakuuliza sasa. Nataka kwenda, na nataka kwenda na wewe. Utakuja?"

Alijiandaa kuombwa siku mbili. Alishaamua hata kwamba atampa, kwamba kesho mama yake akija atamzuia asimuulize mkwe chochote, na Jumamosi atawaomba kliniki wamsubirie hadi mchana.

"Nitakuja," Fundi alisema.

Lilitoka papo hapo, bila kugeuzwa, na wote wawili wakalishangaa. Fundi akasimama ghafla kama mtu aliyechelewa. Alisema kitanda hakitapita mlangoni bila kufunguliwa miguu, kabati litapita likilazwa ubavu, na friji isafirishwe ikiwa imesimama, ikilazwa mafuta yanaingia kwenye mabomba, na ikifika isiwashwe siku ileile, watu wanaua majokofu yao kwa haraka. Alikuwa ameshafika kwenye sanduku la vyombo vya udongo mkewe alipomwona akijifuta uso kwa kile kitambaa.

"Unalia?"

"Ndiyo."

"Kwa furaha?"

Fundi alitafakari kwa uaminifu. "Kuna furaha ndani yake. Kuna na kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

Simu ya Dada Miwani ikaanza kuita mezani. Alikuwa mama yake, bila shaka kuhusu samaki, na bila shaka angetaka kujua mara moja nani atamtazamia friji yake wakiondoka. Ikaita hadi ikakata, ikaanza tena.

"Njoo ukae," Dada Miwani alisema, akimsogezea nafasi. "Tukae hapa mpaka tukijue."

Fundi akaja akakaa.