Kigingi cha Mkaidi

Kifuu kilikuwa kitupu, na kuku hawakukisogelea.

Kadii alifurahi. Jana yake alikuwa amekijaza uji, akakiweka kando ya kigingi alichokisimika nyuma ya nyumba yao, huko Ganda, juu ya kaburi la mbwa wake, Mkaidi. Mbwa huyo alijitosa kati yake na swila katika shamba la muhogo, akafa badala yake. Kadii na mumewe, Jefwa, hawakujaliwa mtoto. Basi alimfanyia mbwa yale ambayo Wagiryama huwafanyia wafu wao: kigingi cha koma, yaani roho ya marehemu, kisha uji, na kuita jina.

"Na mimi nikifa utanipikia uji mzito hivyo?" Jefwa alimtania.

"Wewe ulinikinga na nyoka gani?"

Siku ya tatu nyumba ilinuka mbwa aliyelowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uanze, mwaka ule wa ukame wa themanini na nne. Mchana, Kadii akianika muhogo, alisikia kucha zikikwaruza sakafu ya chumbani. Akatabasamu, kisha akasikiliza vizuri na tabasamu likamkauka, kwa kuwa Mkaidi alikuwa na miguu minne, na hicho kilichotembea mle ndani, taratibu, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, kilikuwa na miwili.

Jioni Jefwa aling'atwa kisigino akiingia mlangoni. Hakuona kitu. Alama zilikuwa za meno ya mtu. Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, naye akiweweseka kwa homa.

Kadii akamleta Mama Kahonzi, mganga. Bibi huyo alikitazama kigingi.

"Ulipokisimika ulisema nini, mwanangu?"

"Nilisema, njoo nyumbani."

"Koma huambiwa lala," Kahonzi alinong'ona. "Haiambiwi njoo. Mbwa wako amelala. Lililoitikia ni jini, na sasa linamtaka mumeo. King'oe kwa mkono wako, ulikane. Na mbwa huyu usimlilie tena. Kumlilia ni kuliita."

Kadii alikishika kigingi, na chini ya udongo kikaanza kilio kile kile ambacho Mkaidi alimlaki nacho kila atokapo kisimani, naye akavuta, na kilio kikapanda, kikawa cha mtoto mchanga, kikawa cha watoto wengi, hadi kigingi kilipong'oka na mikono yake ikachuruzika damu.

"Sikujui," alisema.

Kukawa kimya. Homa ya Jefwa ikashuka, Kahonzi akashika njia kurudi kwake. Kadii aliketi kibarazani. Machozi yalipomjaa aliziba mdomo kwa leso, akajizuia hadi kifua kikamuuma, asitoe hata mguno.

Chumbani, mwanamke akaanza kulia kwa sauti ya Kadii.

"Basi, mke wangu," Jefwa alimbembeleza huko ndani. "Sogea hapa."