Nyangi na Jiko la Samadi

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Nyangi alikuwa na kazi na ng'ombe. Walilala zizini nyuma ya nyumba yao kijijini Nyegina, naye alizoa samadi yao ingali mbichi, akaitia kwenye karo dogo la saruji, akamimina maji, kisha akakoroga kwa mti mrefu mpaka ikalainika kama uji. Alipozibua tundu la karo, uji huo uliteremka kwenye shimo kubwa lililojengwa chini ya ardhi. Huko ulichacha na kutoa gesi, na gesi ikapita kwenye bomba hadi jikoni. Mama yake alifungua koki, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukawaka bila moshi hata kidogo.

Mtambo huo haukuja kwa mchezo. Tereza, mama yake Nyangi, alipikia kuni tangu utoto wake, na moshi ulikuwa umekiharibu kifua chake. Akichota maji ndoo moja tu, anahema kama aliyekimbizwa. Daktari mmoja mjini Musoma alimwambia waziwazi, "Mama, dawa nitakupa, lakini ukiendelea kukaa kwenye moshi hazitakusaidia kitu."

Baba yake Nyangi, mzee Pastory, ndiye aliyempeleka hospitali siku hiyo. Haukupita muda akauza dume lake la kulimia, akamwita fundi Thadeo kutoka Bunda aje kujenga mtambo wa bayogesi. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu mzima na akili zake auze dume ili apikie kinyesi? Lakini tangu jiko lile lianze kuwaka, kikohozi cha Tereza kilipungua, na sauti yake ikarudi. Na kama hukuwahi kumsikia Tereza akianzisha wimbo kanisani, basi hujui ulichokikosa!

Nyangi naye alipumzika. Hakwenda tena kuhangaika na kuni kwenye vilima vya mawe, ambako siku hizi hata kichaka cha kujificha sungura ni shida kukipata. Tatizo lake lilikuwa shuleni, na tatizo hilo lilikuwa na jina: Wankyo. Huyo alikuwa jirani yake na rafiki yake wa darasa la sita, msichana mwenye moyo mzuri lakini mdomo haukai.

"Jamani, msile kwa kina Nyangi," Wankyo alisema siku moja wakati wa mapumziko. "Ugali wao unapikwa kwa mavi ya ng'ombe!"

Wenzao waliangua kicheko. Mvulana mmoja alimsogelea Nyangi, akamnusa begani, akajifanya anazimia. Nyangi alicheka pamoja nao ili asionekane ameumia, lakini moyoni alikuwa ameumia sana. Jioni hiyo alioga mara mbili.

Mambo yalizidi kuwa mabaya Jumapili, kanisani lilipotolewa tangazo kwamba Jumamosi inayofuata sala za jumuiya zingefanyika nyumbani kwa Pastory. Majirani wote wangekuja, na Wankyo na mama yake wasingekosa. Nyangi aliwaona tayari, akilini mwake, wakiziba pua na kusukuma vikombe vya chai pembeni. Aibu gani hiyo!

Ndipo alipopata wazo, na akaliona ni wazo la maana kabisa. Kama sabuni inang'arisha nguo za shamba, itashindwaje na samadi? Kesho yake, alipomaliza kukoroga, alimwaga humo sabuni ya unga, na juu yake dawa ya kusafishia choo, ile yenye harufu ya maua. Akafanya hivyo kila asubuhi wiki hiyo. Karo likanukia vizuri mno. Nyangi alienda shule akitembea kwa maringo.

Katikati ya wiki, moto wa jikoni ulianza kunywea. Ijumaa asubuhi mama alihangaika na kiberiti, akawasha njiti moja baada ya nyingine. Jiko lilitoa mlio mdogo, pff, likanyamaza.

"Nyangi," mama aliita, "samadi unaiweka kweli?"

"Naiweka, mama. Haki ya Mungu naiweka."

Hakuwa amesema uongo, lakini hakuwa amesema yote. Aliondoka haraka kwenda shule kabla mama hajauliza zaidi.

Jumamosi ilifika. Wageni hawakuweza kukaa bila chai, kwa hiyo Tereza aliingia kwenye jiko la zamani, akapanga mafiga, akawasha kuni alizoazima kwa kina Wankyo. Zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa, ukatoka mlangoni na kwenye nyufa za ukuta. Nyangi alikuwa nje akimenya viazi vitamu, akimsikia mama yake akikohoa ndani. Alikohoa, akatulia, akakohoa tena kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, toka, nitapika mimi," Nyangi alisema.

"Menya viazi, mwanangu. Unataka na wewe kifua kiwe kama changu?"

Watu walipokusanyika uani na sala ikaanza, wote walimgeukia Tereza aanzishe wimbo kama kawaida. Alifungua mdomo, sauti ikatoka na mkwaruzo, kisha kikohozi kikamkamata mpaka akashika ukuta. Mama Wankyo alimkalisha kwenye kigoda, mwingine akaanzisha wimbo badala yake. Nyangi alitazama chini, machozi yakimlenga.

Sala ilikuwa imekwisha na watu wanakunywa chai pikipiki ilipoingia uani. Alikuwa fundi Thadeo. Pastory alikuwa amempigia simu jana yake, naye alitoka Bunda asubuhi ile ile.

"Tumsifu Yesu Kristo," Thadeo alisalimu.

"Milele na milele, amina," watu waliitikia. Wote isipokuwa Pastory.

"Wewe bwana, umenijengea nini hapa?" Pastory aliuliza akiwa amesimama. "Dume langu limekwenda, gesi hakuna, na mke wangu ndiyo huyo anakohoa mbele za watu. Umenila!"

Thadeo hakujibu kwa hasira. Alikagua koki, akafuata bomba lote kwa mkono, akafika kwenye karo na kuinama kunusa. Aliponyanyuka, alikuwa amekunja uso.

"Mzee, bomba ni zima na shimo ni zima. Ila kuna mtu ametia sabuni humu?"

"Nani atie sabuni kwenye samadi?" Pastory alifoka. "Sisi ni wendawazimu? Unatafuta pa kutokea tu. Majirani, mnamwona? Asijenge kwenu huyu!"

"Mzee wangu, usiseme hivyo," Thadeo alisema kwa sauti ya chini. "Kazi hii ndiyo inalisha wanangu. Hayo yakifika Bunda, mimi nimekwisha."

Nyangi alimtazama fundi aliyekuwa akitukanwa bure, akamtazama mama yake kigodani. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Fundi angeondoka na aibu, na mama angebaki na moshi. Alipiga moyo konde, akajitokeza mbele.

"Baba, ni mimi," alisema. "Nilitia sabuni, na dawa ya choo. Fundi hana kosa."

"Ulitia nini?"

"Walikuwa wananicheka shuleni. Wanasema chakula chetu kinanuka. Nilitaka pawe pasafi jumuiya wakija." Hapo akaangua kilio.

Pastory alinyanyua mkono, kisha akaushusha. Wankyo, aliyekuwa ameketi na kikombe mkononi, aliinamisha kichwa.

Thadeo alichuchumaa mbele ya Nyangi. "Sikiliza, binti. Humo shimoni wamo vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho. Ndio wapishi wa kwanza, kabla ya mama yako. Wanakula samadi, wanatoa gesi. Dawa ya choo kazi yake ni kuua vijidudu, na imewaua kweli. Ila tutawarudisha. Tutatoa tope hili, nitaleta tope lenye vijidudu hai kutoka mtambo mwingine liwe mbegu, kisha mtatia samadi mbichi nyingi na kusubiri."

"Samadi ya ng'ombe wangu haitatosha haraka," Pastory alisema. Kisha akamgeukia fundi mbele ya watu wote. "Nimekukosea, Thadeo. Nilikuhukumu kabla sijauliza. Nisamehe."

Asubuhi iliyofuata Nyangi alikuwa zizini aliposikia mtu anakokota ndoo. Alikuwa Wankyo, ndoo imejaa samadi mbichi, gauni limechafuka, anahema.

"Usinicheke," Wankyo alisema. "Ng'ombe wetu wamenipiga mkia wa uso."

Nyangi alicheka, safari hii kwa kweli. Wankyo alileta ndoo asubuhi nyingi baada ya hapo, mpaka siku moja jioni mama alipowasha kiberiti na moto wa buluu ukatokea, mdogo kwanza, kisha ukaizunguka sufuria yote. Walisonga ugali wa muhogo, wakala na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Wankyo alinusa tonge lake.

"Wewe, unanusa nini?" Nyangi aliuliza.

"Natafuta harufu. Haipo," Wankyo alisema, akalimeza na kukata jingine.

Tereza aliwatazama wote wawili. "Wanangu, moshi wa kuni tulikuwaga tunaupenda. Hakuna aliyemcheka mtu kwa sababu ya moshi, hata ulipokuwa unanimaliza. Samadi inanuka pale zizini, lakini ndiyo inayoniacha nipumue. Msipime usafi kwa pua peke yake. Na wewe Nyangi, kosa ulilifanya, moshi wa kuni mbichi nikaula mimi. Lakini ulisema kweli mbele ya watu, na fundi wa watu akarudi kwake na heshima yake. Ukiniharibia tena, nifuate siku hiyo hiyo uniambie."

"Nitakuambia, mama."

Tereza aliinuka kuosha sufuria, na alipokuwa akiisugua, alianza kuimba. Sauti ilitoka jikoni ikiwa safi, bila mkwaruzo. Uani, Pastory aliacha kufunga mlango wa zizi, akasimama kusikiliza mpaka wimbo ukaisha.